Mitambo ya mafuta iliyozimika na amana tuliyoisahau

SIFA zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (SW), Mola Mlezi wa viumbe vyote, aliyeifanya ardhi kuwa tandiko letu, akaweka juu yake na chini yake riziki za waja Wake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake, masahaba wake na kila anayefuata mwenendo wao kwa wema hadi Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo, ndugu zangu katika imani, leo tunazungumzia amana. Neno hili tukilisikia msikitini, wengi wetu mawazo hukimbilia fedha iliyowekwa kwa jirani, au shamba la yatima lililo mikononi mwa ami yake. Hayo ni sahihi. Hata hivyo, wanazuoni wametufundisha kuwa amana ni pana kuliko hivyo. Cheo ni amana, elimu ni amana, na chombo cha kazi alichokabidhiwa mtu ni amana. Kwa msingi huo kiwanda cha taifa ni amana, na bomba la mafuta lililofukiwa ardhini nalo ni amana. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 58, Mwenyezi Mungu ametuamrisha kuzifikisha amana kwa wanaozistahiki, wala hakubagua kati ya amana ya mtu mmoja na amana ya umma.

Tuitazame basi historia ya mafuta katika nchi yetu kwa jicho hilo.

Tulikoanzia

Mwaka 1966, miaka mitano tu baada ya Uhuru wa Tanganyika, kiwanda cha kusafisha mafuta cha TIPER kilianza kazi Kigamboni, ng'ambo ya bandari ya Dar es Salaam. Kilijengwa kwa ushirikiano na Waitaliano, na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 Serikali ikawa mmiliki wa nusu ya hisa. Meli zilileta mafuta ghafi, mitambo ikayachemsha na kuyatenganisha, yakatoka petroli, dizeli, mafuta ya taa, mafuta ya ndege na mafuta mazito ya viwandani. Nchi haikuwa na kisima hata kimoja cha mafuta, lakini ilikuwa na jiko lake yenyewe la kuyapikia.

Wakati huohuo jirani yetu Zambia alikuwa katika dhiki. Tarehe 11 Novemba, 1965 walowezi wa Rhodesia chini ya Ian Smith walijitangazia uhuru wao, na njia ya mafuta ya Zambia iliyopitia kusini ikafungwa. Mapipa yakawa yanasafirishwa kwa malori kupitia Morogoro, Iringa na Mbeya, katika barabara ya vumbi na matope iliyopoteza roho za madereva wengi. Ndipo likajengwa bomba la TAZAMA, lenye urefu wa kilometa 1,710, kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, likaanza kazi mwaka 1968. Zambia ilimiliki theluthi mbili, na Tanzania theluthi moja. Mwaka 1969 likaundwa Shirika la Maendeleo ya Petroli, TPDC. Kisha ikaja reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa mkopo wa China usio na riba na kukabidhiwa mwaka 1976. Reli hiyo yenye kilometa 1,860 imekata katikati ya Bonde la Kilombero, kutoka Kidatu kupita Ifakara hadi Mlimba, na kichwa cha treni kinachoivuta kinakunywa dizeli.

Ndugu msomaji, tazama kazi iliyofanyika katika muda wa miaka kumi tu. Kiwanda, bomba, shirika na reli! Walioyafanya hayo walikuwa masikini wa fedha, lakini hawakuwa masikini wa azma.

Mitambo ilivyozimika

Mtihani ulianza mwaka 1973. Baada ya vita ya Oktoba kati ya Waarabu na Israeli, bei ya mafuta ghafi ilipanda karibu mara nne katika muda wa miezi michache. Mwaka 1979 ikapanda tena kwa kishindo baada ya mapinduzi ya Iran, na wakati huo nchi yetu ilikuwa imetoka kupigana vita ya Kagera. Fedha za kigeni zikawa haba. Watu wa makamo wanakumbuka foleni za vituo vya mafuta, na amri iliyokataza magari ya binafsi kutembea Jumapili mchana.

Katika hali hiyo, kitu cha kwanza kuachwa katika bajeti huwa ni vipuri. Mafuta yakikosekana leo, kelele husikika leo. Valvu ikikosa kubadilishwa leo, mtambo utaendelea kunguruma miezi kadhaa, na kila mtu atasema hakuna tatizo. Mitambo yetu ilikuwa imetengenezwa ng'ambo, na kila pampu, kila bomba la kuchemshia na kila geji ilibidi iagizwe huko kwa fedha za kigeni. Katika mashirika mengi ya umma mafundi walifikia hatua ya kung'oa kipuri katika mashine moja na kukitia katika nyingine, mpaka uwanja ukajaa mizoga ya mashine. Reli ya TAZARA, ambayo mwishoni mwa miaka ya 1970 ilibeba zaidi ya tani milioni moja za mizigo kwa mwaka, ilishuka hadi tani zipatazo 88,000 katika mwaka 2014/2015. Wakazi wa Kilombero waliokuwa wakipeleka ndizi na mchele kwa gari la mwendo mfupi waliloliita "kipisi" wanafahamu maana ya tarakimu hizo kuliko mchumi yeyote.

Kiwanda cha Kigamboni nacho hakikusalimika. Kilikuwa kidogo kikilinganishwa na viwanda vikubwa vilivyojengwa baadaye duniani, mitambo yake ilizeeka, na kuifufua kulihitaji mtaji mkubwa. Biashara ya mafuta ilipofunguliwa huria, kuleta petroli iliyokwisha kusafishwa kukaonekana nafuu. Ilipofika mwaka 2000 usafishaji ulikuwa umekoma. Matangi yake yamebaki yakitumika kuhifadhia mafuta yanayosafishwa na wengine.

Wala msiba huu haukuwa wetu peke yetu. Kiwanda cha Mombasa, kilichoanza kazi mwaka 1963, kilisimamisha usafishaji mwaka 2013. Kiwanda cha Indeni kule Ndola, kilichoanza mwaka 1973 na kupokea mafuta ya bomba letu, kilisimama mwaka 2021. Tazama na Nigeria, nchi yenye visima vingi vya mafuta. Viwanda vyake vya Serikali vya Port Harcourt, Warri na Kaduna vilidorora kwa miaka mingi kwa kukosa matengenezo, na watu wa nchi hiyo wakawa wananunua petroli kutoka nje. Kwa hiyo, ndugu zangu, kuwa na mafuta ardhini hakumwokoi mtu asiyetunza vyombo vyake.

Swali la wazee wa Idete

Nilijaaliwa kufika Idete, kati ya Ifakara na Mlimba, kwa ajili ya darsa. Baada ya swala ya Ijumaa wazee walikaa barazani, na mmoja wao akauliza swali lililowagusa wote: "Sheikh, tuliambiwa bonde letu lina mafuta. Yamekwenda wapi?"

Swali hilo lina asili yake. Mwaka 2012 Serikali ilitoa leseni ya utafutaji wa mafuta katika eneo la Kilosa na Kilombero. Ardhi ikapimwa kwa mitetemo, na mwaka 2014 kampuni ya Swala, iliyokuwa na leseni hiyo, iliuza hisa kwa wananchi katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Kisima cha kwanza kilikwisha kupewa jina, Kito-1. Vijana wa bonde wakaanza kuota ajira, na wako waliopandisha bei ya viwanja vyao kwa matumaini. Kisima hicho hakikuchimbwa. Mtambo wa kuchimbia unaagizwa kutoka mbali, gharama yake ni kubwa mno, na hakuna kiwanda cha jirani ambacho kingeukodisha.

Niliwajibu wazee wale kwamba kutafuta mafuta si haramu. Mwenyezi Mungu ametuumbia vilivyomo ardhini ili tunufaike. Lakini sheria yetu imejengwa juu ya kanuni aliyoiweka Mtume (SAW) katika Hadithi iliyopokewa na Ibn Majah, kwamba haifai kudhuru wala kulipana madhara. Bonde la Kilombero liliingizwa mwaka 2002 katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu duniani. Maji yake yanachangia zaidi ya nusu ya maji ya Mto Rufiji. Humo ndimo unamolimwa mpunga unaolisha miji, na humo ndimo samaki wanamozaliana. Tone la mafuta likimwagika katika tingatinga wakati wa masika, halijui mpaka wa kijiji. Basi mzazi mwenye busara haulizi tu kama mafuta yapo. Huuliza pia nani atasimamia, kwa ujuzi gani, kwa vyombo gani, na kikiharibika kitu, nani atakitengeneza na kwa haraka kiasi gani.

Na jibu la swali la mwisho tunaweza kulipata hapohapo Idete, bila ya kungoja kampuni yoyote. Karibu na msikiti ipo mashine ya kukoboa mpunga inayotumia dizeli. Siku ile ilikuwa kimya, na akina mama walikuwa wamekaa juu ya magunia yao tangu asubuhi. Mwenye mashine alinieleza kuwa nozeli ilikuwa imekufa. Aliinunua mjini ikiwa ndani ya boksi zuri, akaambiwa ni halisi, akalipa bei ya kitu halisi, na haikumaliza hata wiki tatu. Fundi aliyeweza kuipima alikuwa Ifakara. "Kila nikisimama wiki moja, Sheikh, ada ya mtoto inakula mtaji," alisema.

Ndugu msomaji, kile kiwanda kikubwa cha Kigamboni na ile mashine ndogo ya Idete vina ugonjwa mmoja. Wote wawili wanategemea chombo kilichotengenezwa na mtu mwingine, mahali pengine, na hawana hakika ya uaminifu wa anayewaletea.

Nguvu na uaminifu

Qur'ani Tukufu imetupa kipimo cha kumchagua mfanyakazi. Katika Suratul-Qasas, aya ya 26, binti wa yule mzee wa Madyan alimshauri baba yake amwajiri Musa (AS), akataja sifa mbili, nguvu na uaminifu. Nabii Yusuf (AS) naye, alipoomba kusimamia hazina za Misri katika aya ya 55 ya sura yenye jina lake, alijieleza kwa sifa mbili, utunzaji na ujuzi. Wafasiri wameeleza kuwa sifa hizi haziachani. Mjuzi asiye mwaminifu ataiba kwa ustadi, na mwaminifu asiye na ujuzi ataharibu kwa nia njema.

Tujipime kwa mizani hiyo. Katika ujuzi, tulikabidhiwa kiwanda, lakini hatukujenga karakana za kutosha za kutengeneza vipuri vyake. Mwenyezi Mungu katika Suratul-Hadid, aya ya 25, ametutajia chuma, nguvu zake na manufaa yake kwa watu. Na katika Suratu Saba, aya ya 10 na ya 11, ametueleza jinsi alivyomlainishia chuma Nabii Daud (AS), akamwamuru atengeneze deraya na apime vizuri pete zake. Mtume wa Mwenyezi Mungu anafundishwa vipimo vya uhunzi! Vipi basi sisi tunamwona kijana wa gereji kuwa ni mtu aliyeshindwa maisha? Imepokewa na al-Bayhaqi kwamba Mwenyezi Mungu anapenda mja anapofanya kazi aifanye kwa ustadi. Mwenye kukaza nati sawasawa kwa ajili ya Mola wake yumo katika ibada.

Katika uaminifu, hali imekuwa nzito zaidi. Lugha yetu imepata neno "kuchakachua", nalo lilienea kwa sababu ya mafuta ya taa kuchanganywa katika dizeli. Mafuta ya taa yalitozwa kodi ndogo ili masikini awashe koroboi yake, wafanyabiashara wakaona mwanya wa faida. Injini za watu zikafa. Serikali ikaweka vinasaba katika mafuta ili kuwabaini, na katika bajeti ya mwaka 2011 ikapandisha sana kodi ya mafuta ya taa. Aliyeumia ni nani? Ni yule bibi wa kijijini ambaye hakuchakachua kitu, naye akalipia taa yake kwa bei ya dhambi ya mwingine. Hivi ndivyo ghishi inavyofanya kazi, humwondokea aliyeitenda na kumwangukia asiye na hatia.

Mtume (SAW) alipita sokoni akaingiza mkono katika lundo la chakula, akakuta ndani kuna umajimaji uliofichwa kwa kukavu juu. Akamkemea mwenye mali na kubainisha kwamba mwenye kughushi hayuko pamoja nasi. Hadithi hii imo katika Sahihi ya Muslim. Mwenye kuuza nozeli ya bandia ndani ya boksi la kampuni maarufu amefanya jambo hilohilo, isipokuwa chakula kimegeuka chuma. Na mwenye pampu ya petroli inayopunja lita asome mwanzo wa Suratul-Mutaffifin, kisha ajitafutie udhuru kama ataupata.

Msiba wa Msamvu

Mkoa wetu wa Morogoro umeandika sura yake katika habari hii kwa machozi. Tarehe 10 Agosti, 2019, katika siku kumi bora za Mfungo Tatu, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, mjini Morogoro. Watu walikimbilia kuchota petroli iliyokuwa ikimwagika, moto ukalipuka, na waliofariki walizidi 100. Mwenyezi Mungu awarehemu wote na awape subira waliobaki.

Hatuwahukumu marehemu, wengine walikuwa wapita njia tu. Lakini walio hai wana haki ya kunasihiwa. Mali iliyomwagika barabarani bado ina mwenyewe. Na nafsi aliyotupa Mwenyezi Mungu ni amana ya kwanza kabla ya kila amana, haiuzwi kwa dumu la lita ishirini. Wazazi, waelezeni watoto wenu jambo hili waziwazi, kwa sababu malori yanapita kila siku.

Tumaini lipo

Isije ikafikiriwa kuwa yote ni kilio. Gesi ya Songo Songo, Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974 na kampuni ya AGIP ya Italia, ambayo iliona haina faida ikaiacha. TPDC, shirika letu wenyewe, likaendelea kuchimba visima vya kuthibitisha, na mwaka 2004 gesi hiyo ilifika Dar es Salaam kuzalisha umeme. Ilikuwa subira ya miaka thelathini. Bomba la TAZAMA nalo halikufa pamoja na kiwanda cha Indeni, kwani tangu mwaka 2023 limetumika kupeleka Zambia dizeli iliyokwisha kusafishwa. Chombo kilichotunzwa hupata kazi mpya hata zamani zake zikipita.

Katika bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lenye kilometa 1,443, TPDC ina hisa za asilimia 15. Kwa ajili yake kilijengwa kiwanda cha kuyavisha mabomba kinga ya joto kule Sojo, Nzega, mkoani Tabora, kikazinduliwa Machi 2024. Swali kwetu ni lile lile. Kazi ya kulijenga ikiisha, ujuzi wa Sojo utabaki kwa vijana wetu, au utaondoka na makontena?

Wajibu wa kila familia

Ndugu Waislamu, yako yaliyo mikononi mwa Serikali, nasi tunaiombea na kuinasihi. Yako pia yaliyo mikononi mwetu.

Kwanza, tuwapeleke watoto wetu katika ufundi kwa heshima, wala si kama adhabu ya kufeli mtihani. Chuo cha VETA si jaa la watoto walioshindikana. Kujifunza uchongaji wa vyuma, uchomeleaji, umeme wa viwandani na upimaji wa mitambo ni katika faradhi za kutoshelezana. Wakiwapo wa kutosha wajibu huwaondokea wengine, na wakikosekana umma mzima una dhambi.

Pili, misikiti yetu ifufue wakfu wa zana. Wazee wetu waliweka wakfu visima, minazi na nyumba. Nini kinazuia waumini wa bonde moja kuchangia karakana ndogo yenye mashine ya kupimia nozeli na pampu, fundi akalipwa, mapato yakasomesha mayatima? Mama wa Idete asingelala juu ya gunia lake la mpunga.

Tatu, mfanyabiashara Mwislamu aseme ukweli wa bidhaa yake. Kama kipuri ni cha daraja la chini, akiseme na akiuze kwa bei yake. Baraka ya mauzo imo katika kubainisha, na kuficha huiondoa.

Nne, tutunze kabla ya kuharibika. Aliyekabidhiwa gari la shirika, pampu ya kijiji au jenereta la msikiti, akumbuke kuwa kubadilisha oili kwa wakati ni sehemu ya dini yake. Mtume (SAW) alipoulizwa kuhusu Kiama, kwa mapokezi ya Bukhari, alijibu kuwa amana itakapopotezwa kingojewe, na akafafanua kuwa kupotezwa huko ni mambo kukabidhiwa wasiostahiki. Tusiwe sisi wasiostahiki.

Tano, wenye ardhi katika mabonde yetu wasiiuze kwa uvumi wa utajiri. Mpunga umewalisha babu zetu. Likija jambo jipya, lije kwa uwazi, kwa mikataba inayoeleweka na kwa ulinzi wa maji, na familia nzima ishauriane, mama na watoto wakiwamo.

Katika Suratur-Ra'd, aya ya 11, Mwenyezi Mungu ametujulisha kuwa habadilishi hali ya watu mpaka wao wenyewe wabadilishe yaliyomo nafsini mwao. Kiwanda kinaweza kujengwa kwa mkopo. Uaminifu haukopeshwi na taifa lolote, nao hujengwa nyumbani, kwa baba anayerudisha chenji iliyozidi mbele ya mwanawe.

Ewe Mola wetu, tujaalie kuwa watunzaji wenye elimu, utuepushe na khiyana ya dhahiri na ya siri, uibariki ardhi yetu, maji yetu na mikono ya vijana wetu, na uwarehemu waliotutangulia. Amin.

Wabillahi Tawfiq.